Nilimketisha Baba Yako

Esta, mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza habari, lakini habari zako ninazo. Umekwenda nyumba ya tatu kwa Mama Trufena kusukwa nywele, na kutoka hapa mezani nasikia akikuvuta za kisogoni na wewe ukilalamika. Basi sitakuuliza u hali gani. Nitaandika upesi kabla hujarudi, niikunje, niiweke juu kabisa ndani ya sanduku lako, kati ya kitana na ile shuka nyeupe, mahali utakapotia mkono asubuhi kabla ya kitu kingine chochote. Nataka uisome kabla lori halijafika. Usiiweke ya kusoma ndani ya treni. Hii ni ya kabla ya lori.

Mambo ya sabuni na soksi sitayaandika. Tumeyasema wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mama, hata Kisumu kuna maji." Ni kweli, yako, tena ziwa zima. Nami nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho walichonifundisha kuandika ile miaka minne ya misheni, na kwa sababu Kinyore chako, lugha ya kwetu, mtoto wa Thika wewe, humchekesha hata bibi yako. Jambo la leo sitaki likuchekeshe, wala sitaki neno lake moja likupite.

Mchana nilikuwa nakukaangia mandazi ya safari, nikakwambia Waithaka atakuja na lori la shamba saa kumi na mbili akupeleke stesheni. Ukasema, "Afadhali nibebe sanduku kichwani."

"Ni mbali, Esta."

"Hata. Lori la yule mzee sipandi."

"Yule mzee ana jina."

"Analo. Mimi silitaki mdomoni mwangu."

Mafuta yakanirukia mkononi. Nikatoka nje, nawe ukanifuata na maji baridi, ukidhani ni mafuta yaliyonitoa. Uliushika mkono wangu vizuri sana, kama daktari alivyokuonyesha, ukaumwagia maji polepole bila kuusugua. Nilikuwa nakutazama nikifikiri: huyu mtoto ataniacha kesho bila kujua huu mkono anaouosha ulifanya nini.

Wewe unajua hivi. Unajua kwamba miaka saba iliyopita, ulipokuwa na miaka kumi na moja, baba yako alianguka na baiskeli karibu na daraja la Ruiru, mimi nikiwa nimepanda nyuma. Unajua lori la Waithaka lilisimama. Unajua dereva alikataa kumbeba mtu aliyelala, akataka aketishwe kwanza, na huko kuketishwa ndiko kulikomaliza mgongo wa baba yako. Hivyo ndivyo laini yetu nzima, nyumba zote hizi za wafanyakazi wa shamba, inavyosimulia, kuanzia nyumba ya nyapara mpaka kwenye mashine za mkonge. Hivyo ndivyo ulivyomwambia daktari alipokuuliza kwa nini unataka kazi hii ya kufundisha afya vijijini, unayokwenda kuisomea Kisumu. "Kuna dereva alikataa kumbeba baba yangu akilala. Nataka kuwafundisha watu kama yeye." Daktari akaandika. Mimi nilikuwepo, nimeshika ufagio wangu wa dispensari, nikafagia pale pale palipokwisha fagiwa mpaka ukamaliza kusema.

Sasa soma ilivyokuwa.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya nusu kazi. Tulikwenda Ruiru kumwona mgonjwa wa kanisa, tukakaa naye, tukaomba, tukarudi na jua bado liko juu. Baba yako alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani na ile kofia. Aliimba njia yote, kwa sauti ya kwanza, ambayo haikuwa yake, nami nikamwambia amwachie Mungu masikio yake. Alicheka, baiskeli ikayumba. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomchekesha.

Kwenye mteremko wa kushukia darajani gari dogo lilitujia nyuma likipiga honi. Baba yako akatoka kwenye lami akaingia kwenye changarawe, gurudumu la mbele likazama kwenye mfereji wa maji ya mvua. Mimi nilianguka kwenye nyasi. Yeye alipita juu ya usukani akaanguka kwa mgongo kwenye mawe. Lile gari halikusimama, na labda hata halikujua.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Umeumia, Mama Esta?"

"Mimi hapana. Na wewe?"

"Mgongo. Usiniinue. Wacha nilale hapa kidogo."

Hilo alilisema, Esta. Kwa kinywa chake. Usiniinue.

Kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka. Nikaona siafu mmoja akipanda juu ya mguu wake ulio wazi, akamng'ata. Baba yako akasema, "Ah, siafu na wewe," akakunja kidole gumba, akamsugua kwa kisigino cha ule mguu wenye kiatu mpaka siafu akaanguka. Nililiona hilo kwa macho yangu, na sikuona nilichokiona. Nilichotazama mimi ni barabara, kama kuna gari.

Lazima nikukumbushe barabara ile ilivyokuwa, maana wewe umeanza kuijua baada ya mafunzo ya daktari. Mtu aliyelala kando ya njia alikuwa ni maiti. Magari hayakusimama. Lori likibeba maiti, watu hawalipandi tena kabla halijaombewa na kusafishwa, na wengine hawalipandi kabisa. Walioogopa hivyo hawakuwa Wakikuyu tu, watu wa Waithaka. Hata kwetu Bunyore, mtu kulazwa juu ya ubao na kubebwa na wanaume wanne, hiyo ni safari moja tu tunayoijua. Kwa hiyo sisi sote wa barabara ile tulikuwa na njia yetu. Aliyeumia tulimketisha. Mmoja anamshika kwa nyuma, mwingine anamvika kofia, ili wapitao waone huyu ni mtu mzima anayekaa, wasimame. Aliyevunjika paja tulimketisha. Aliyepasuka kichwa tulimketisha. Hiyo ndiyo ilikuwa huruma yetu, na tuliifanya kwa haraka, kwa mikono mingi.

Lori la kwanza lilipunguza mwendo, dereva akatazama chini, akaondoka. Nikasema moyoni, amemwona amelala. La pili lilikuwa la Waithaka.

Wakati ule lori lilikuwa lake mwenyewe. Alikuwa amebeba akina mama wa soko na magunia ya viazi. Alisimama, akashuka, akachuchumaa karibu na baba yako.

"Ndugu, inauma wapi?"

"Mgongo."

Waithaka akanitazama. "Mama, wacha yeye alale hivyo hivyo. Mimi natoa ile ubao ya nyuma ya lori, tunasukuma yeye juu yake polepole."

Kule juu mama mmoja akauliza, "Amekufa?"

"Hajakufa, anaongea," akajibiwa.

"Anaongea lakini amelala. Mimi na mtu wa kulala siendi."

Waithaka hakugeuka hata. Akasema, "Basi shuka. Miguu unayo." Wakashuka, Esta, karibu wote, na viazi vyao, wakimtukana kwa Kikuyu. Yeye akaenda nyuma akaanza kufungua minyororo ya ubao.

Nilimwona akifungua. Nataka ulijue hilo vizuri, kwa hiyo nitaliandika tena. Hakukataa. Alikuwa anafungua.

Mimi ndiye niliyekataa. Niliuona ule ubao ukishuka, nikamwona baba yako amelala juu yake, nikaona tunaingia laini na wanawake wanatoka milangoni wakianza kulia kabla ya kuuliza. Nikaona kama nikikubali alale vile, nimekwisha kumkabidhi. Nikasema, "Mume wangu si maiti."

"Mimi sijasema ni maiti."

"Basi hatabebwa kama maiti."

"Mama, sikiza. Mimi nilikuwa Burma vitani, niliendesha gari ya wagonjwa. Mtu wa mgongo hainuliwi."

Nikamwambia, "Hapa si vitani."

Nikapitisha mikono yangu chini ya makwapa ya baba yako, hii mikono, nikamwinua nikamketisha. Alisema, "Mama—" na hakumaliza. Watu husimulia kwamba kulikuwa na mlio. Hakukuwa na mlio wowote. Nilimwegemeza kifuani kwangu, nikamvika kofia yake. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa, "Mama Esta, ni nani ameketi juu ya miguu yangu?"

Hakukuwa na mtu. Siafu wengine walikuwa wamempanda mguuni. Hakuwafukuza.

Waithaka alikuwa amesimama na ubao mikononi. Aliuweka chini. Alitusaidia kumpandisha mbele, na akaendesha mpaka hospitali polepole mno, akikwepa kila shimo, na jasho linamtoka kama anayepanda mlima.

Zile wiki tatu za hospitali unazikumbuka wewe mwenyewe. Alikwambia usome kutoka kwenye daftari lako, ukasoma habari za ng'ombe na maziwa, akakusahihisha palipokuwa sawa ili usome tena. Ulimfunika miguu, ukamwuliza kama ana baridi. Akasema hapana, ana joto tu. Ulipotoka alinishika mkono akasema, "Usimwambie mtoto kwamba miguuni sisikii kitu." Hilo nililishika. Nikaongeza na la kwangu juu yake.

Maana uongo huu sikuusema, Esta. Ndio ubaya wake, sina hata siku ninayoweza kukuonyesha nikasema ni hapa nilipodanganya. Siku ya maziko yake mama mmoja aliniuliza, "Ni kweli dereva alikataa kumbeba akilala?" Madereva wote walikuwa wakikataa, kwa hiyo swali lenyewe lilikuja na jibu lake. Mimi nikalia. Na mwanamke anayelia kaburini kwa mume wake watu huhesabu amejibu. Jioni laini nzima ilikuwa inajua. Wale mama wa viazi walioona walikuwa wamekwenda zao, na huku kwetu hawakuwa na mtu.

Wiki ile ile uliniuliza kitandani, "Mama, ni yeye Waithaka aliyekataa?" Nikakwambia, "Lala."

Ulilala. Kesho yake nikakuona unatema mate kwenye vumbi mahali lori lake lilipopita. Nilikuwa naanika bendeji. Nikaendelea kuanika.

Alikuja mara moja kutupa pole. Wewe ndiye uliyefungua mlango, na wewe ndiye uliyeufunga. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nimesimama. Akaacha gunia la viazi pale nje, akaenda. Tulivila vile viazi wiki mbili. Ulisema ni vya Mama Trufena kwa sababu mimi nilikwambia ni vya Mama Trufena. Hilo nalo, sasa nikikumbuka, nililisema kwa mdomo.

Kanisani kwetu unajua tunavyosimama kutoa ushuhuda. Nimesimama mara nyingi. Nimeungama hasira, nimeungama kumsengenya mke wa nyapara, hata sukari ya dispensari niliyochota vijiko viwili ulipokuwa na homa, niliiungama mbele ya watu wote, nikakumbatiwa, tukaimba. Kila mara nilipoketi nilijua nimetoa vichache vya mlangoni, na nyumba iko vile vile. Na Hali ya Hatari ilipoingia, Waithaka akachukuliwa pamoja na wengine wa kwao kwenda kizuizini, nilishukuru. Naandika kwa sababu ni kweli. Nilipiga magoti hapa hapa nikaomba kwa ajili ya wafungwa, na ndani yangu nikapumua kwamba sitakutana naye njiani. Alikaa huko zaidi ya miaka miwili. Aliporudi lori halikuwa lake tena. Shamba likamwandika kuendesha la kwao, na ndipo tukawa tunafanya kazi ua mmoja, yeye na mimi, tukisalimiana kwa kichwa.

Halafu yakaja mafunzo. Unayajua, maana ndiyo yaliyokutia hamu, lakini siku ya kwanza hukuwepo. Daktari alikuja na mikanda na vijiti, akatuita ua wa dispensari: Festo dresa wetu, yule wa kufunga vidonda, madereva wawili, mimi mfagiaji, na watu wanne kutoka Ngoliba. Festo akauliza kama madereva na mfagiaji wamekuja kubeba vitu. Daktari akasema hapana, hiki ndicho kikosi. Anayeumia barabarani huku mashambani, alisema, hafikiwi kwanza na daktari. Anafikiwa na mwenye lori, na jirani, na mama anayepita. Basi hao ndio wa kufundishwa.

Akataka mtu mmoja alale barabarani awe mgonjwa. Hakuna aliyesogea.

"Daktari, mimi nina watoto," akasema Festo.

"Wewe unao," akasema mmoja wa Ngoliba. "Mimi hata kuoa bado. Nikilala hapa nani atanikubali?"

Tukacheka, lakini hakuna aliyelala. Nikasema nitalala mimi, mfagiaji amezoea sakafu. Nililala kwenye mchanga, nikaweka nguo yangu vizuri, nikatazama juu. Daktari akamwita mwenye mikono mikubwa ashike kichwa. Nikaona uso wa Waithaka juu yangu, umegeuka chini juu, na mikono yake ikaja ikanishika pande mbili, juu ya masikio.

"Msimwinue," daktari akasema. "Mwulizeni jina. Mwulizeni anaumwa wapi. Kisha mwambieni achezeshe vidole vya miguu."

Festo akainama. "Mama Esta, chezesha vidole."

Nikachezesha.

"Mnaona," daktari akasema. "Akichezesha, uti wa mgongo bado unapitisha habari. Hata kama mfupa umevunjika, huyu anaweza kutembea tena. Kazi yenu ni moja, kumfikisha hospitali akiwa bado anachezesha. Lakini mkimketisha, mnaweza kuukata nyinyi wenyewe."

Hapo ndipo yule siafu aliponirudia, Esta. Miaka mitano alikuwa amekaa mahali fulani ndani yangu akiningoja nilale chini. Nikakiona kile kidole gumba kikikunjwa. Nikaona kisigino kikisugua. Nikajua baba yako alikuwa mzima wa miguu mpaka mimi nilipomkumbatia.

Sikuweza kuinuka. Festo akasema, "Tazameni Mama Esta, amekuwa mgonjwa kweli kweli, huyu angefaa sinema," wakacheka wote. Machozi yalinitoka pembeni yakaingia masikioni, yakapita katikati ya vidole vya Waithaka. Yeye hakucheka. Aliinama akasema chini chini, "Tulia, Mama Esta. Usigeuze shingo." Halafu akaongeza, "Mimi sijaambia mtu."

Baada ya siku ile nilimfuata kwenye karakana ya shamba. Nilikuwa nimejitayarishia maneno, yote yakapotea, nikasema tu, "Nimekuja." Alikuwa anafuta mikono kwa pamba. Akasema, "Mama, mimi nilisamehe pale pale barabarani. Niliona sura yako." Kisha akasema, "Lakini mtoto wako hanisalimu. Hiyo inaniuma kidogo." Kidogo, alisema. Nikamwahidi nitakwambia.

Miaka miwili imepita. Kila Jumapili nilisema ni wiki hii. Sina mtoto mwingine, Esta. Nilijiambia kwanza umalize shule, kisha nikajiambia kwanza uitwe, kisha barua ya kukuita ikaja nikajiambia kwanza ushone sare. Niliogopa siku moja tu, siku utakaponitazama kwa yale macho unayomtazamia Waithaka.

Lakini mchana uliposema hulitaki jina lake mdomoni mwako, nilikuona mahali pengine. Nilikuona umemaliza masomo, umesimama kijijini mbele ya watu, nao wamekaa chini wanakusikiliza, na wewe unawasimulia habari za dereva mbaya. Watakuamini. Kila mmoja ataondoka akishukuru kwamba yeye si dereva mbaya. Na siku mtu wake akianguka, atampitishia mikono chini ya makwapa. Utakaowafundisha hawatakuwa watu wa roho mbaya, mwanangu. Watakuwa mimi.

Nina jambo moja tu ambalo daktari hakulisema kwa sababu halijui. Waithaka aliniambia nisimwinue. Alisema kweli, na hakunisaidia, maana mikono yangu haikuwa na la kufanya. Laiti angeniambia, "Mama, shika kichwa chake, mwangalie machoni, mwambie habari za mtoto," ningefanya hivyo mpaka giza liingie. Mwanamke aliye na mume wake chini hawezi kuambiwa asifanye kitu. Ukimkuta, usimpigie kelele. Mpe mikono yake kazi. Mwaka jana kwenye njia ya Ngoliba kijana alianguka kutoka kwenye trekta, mama yake alikuwa amekwisha mshika begani. Nilipiga magoti nikamwambia, "Dada, wewe shika kichwa, mwambie ng'ombe wameamkaje." Akamwambia habari za ng'ombe wote, mmoja mmoja kwa jina, hadi Waithaka alipofika na ubao. Yule kijana anatembea. Nilimwona sokoni anachechemea, nikajificha nyuma ya kibanda nikalia mpaka mwenye kibanda akanipa kiti.

Sikuandikii haya ili unisamehe kabla ya treni. Treni haingoji mtu, na jambo hili ni kubwa kuliko asubuhi moja. Ukitaka kunichukia, nichukie huko ukiwa unakula vizuri. Nitakuandikia kila mwezi hata usipojibu. Kanisani Jumapili nitasimama, na safari hii nitatoa cha ndani kabisa, wasikie nyapara na Mama Trufena na wote. Ila nilitaka wewe ulisikie kabla yao.

Kesho saa kumi na mbili atafika. Hatapiga honi. Mlangoni kwetu hajapiga tangu siku ile ya viazi. Atakaa ndani ya lori akitazama mbele, kama afanyavyo, kukupunguzia kazi ya kugeuza uso. Mimi sitakwambia upande, wala sitakubebea sanduku kulipeleka huko. Ukiamua kwenda kwa miguu nitakwenda nawe, na ukitaka nipite upande wa pili wa barabara nitapita upande wa pili.

Nakusikia unaaga. Mama Trufena anakwambia kichwa kimekaa vizuri, usikilalie. Nakunja sasa.

Asubuhi nitakuwa nimesimama mlangoni, na sitakutazama usoni, nitaona haya. Nitatazama miguu yako, inakwenda wapi.

Mama yako.